Kuhamisha Deni la Kadi: Nasaha kwa Wasomaji Walioko Marekani

Wasomaji wetu walioko Marekani, mmoja akiandika kutoka Columbus, mwingine kutoka Houston, mwingine kutoka Minneapolis, kila mmoja kwa maneno yake lakini wote kwa wasiwasi mmoja, hawaachi kuuliza swali hili: benki imeniletea barua inayosema kwamba nikiliondoa deni langu katika kadi ya zamani na kulihamishia katika kadi yake mpya, haitanitoza riba hata senti moja kwa muda wa miezi 18, je, maneno haya ni ya kweli, au ni mtego? Jibu langu ni kwamba ni ya kweli, ila yamezungukwa na masharti ambayo asiyeyajua huweza kutoka humo akiwa na deni kubwa kuliko lile aliloingia nalo. Nimeona basi ni heri niyakusanye mahali pamoja yale ninayowajibu watu mmoja mmoja, kwa taratibu ambayo msomaji ataweza kuifuata akiwa na kalamu mkononi na taarifa ya kadi yake mezani.

Ninayemkusudia ni mtu mwenye kazi na mshahara unaoingia kila wiki mbili, ambaye deni lake aghalabu limetokana na gari lililoharibika katikati ya majira ya baridi, au tiketi ya ndege iliyonunuliwa usiku kwa bei ya juu ili kuwahi maziko, au karo ya mdogo wake aliyeko Tanga, na ambaye kwa mwaka mzima sasa analipa kila mwezi bila ya kukosa huku jumla ya deni ikisimama pale pale. Mtu huyo hana sababu ya kuona haya.

Shughuli hii ilivyo

Kadi mpya huilipa kadi ya zamani, nawe ukabaki mdeni wa kadi mpya. Kwa kazi hiyo benki mpya hutoza ada, aghalabu baina ya asilimia 3 na asilimia 5 ya kiasi kinachohamishwa, na ada hiyo huongezwa juu ya deni pale pale. Kisha hukupa muhula wa bila riba, ambao kwa kadi nyingi huwa baina ya miezi 12 na 21. Na muhula ukiisha, kila dola iliyosalia huanza kutozwa riba ya kawaida ya kadi hiyo, ambayo siku hizi mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka. Sheria ya kadi za mkopo ambayo Rais Barack Obama aliitia sahihi mwezi Mei 2009 inakataza muhula wa namna hii kuwa mfupi kuliko miezi 6, na inaizuia benki kuuondoa juu ya deni lililokwisha hamishwa, isipokuwa mdeni awe amechelewesha malipo yake kwa zaidi ya siku 60.

Waliofanya kazi kule nyumbani kabla ya kuja Marekani watamkumbuka mwalimu au muuguzi ambaye mkopo wake ulinunuliwa na benki nyingine, akapata nafuu ya makato. Na kwa kweli mambo haya mawili ni ndugu. Tofauti yake ni kubwa, nayo ni kwamba yule mwalimu hukatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi, hivyo hana nafasi ya kusahau, ilhali huku hakuna akukataye kitu, na benki itaridhika nawe miezi yote 18 ukiilipa kima cha chini tu, kisha mwezi wa 19 ianze kuvuna.

Piga hesabu kabla ya kuomba

Tuseme unawiwa dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 120. Kima cha chini katika benki nyingi ni asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi, ambayo kwa mfano wetu ni dola 180; ukizilipa hizo, dola 120 zinakwenda kwenye riba, na 60 tu ndizo zinazolipunguza deni lenyewe. Haya si maneno yangu peke yangu, maana sheria ile ile ya 2009 inailazimisha benki ikuchapishie katika taarifa ya kila mwezi kijisanduku kinachoonyesha utalipa kwa miaka mingapi ukishika kima cha chini, na chini yake kiasi ambacho ukikilipa kila mwezi utamaliza kwa miezi 36. Kwa deni la dola 6,000 kiasi hicho ni kama dola 235. Watu wengi huifungua taarifa, wakatazama tarehe ya mwisho na kima cha chini, wakaifunga. Nakusihi leo ukitafute kijisanduku hicho na ukisome hadi mwisho.

Sasa lihamishe deni hilo kwa karatasi kwanza:

- Deni: dola 6,000.
- Ada ya asilimia 3: dola 180.
- Jumla utakayowiwa na kadi mpya: dola 6,180.
- Gawanya kwa miezi 18: dola 343 na senti 33 kila mwezi.
- Kwa alipwaye kila wiki mbili, miezi 18 ina mishahara 39. Dola 160 kutoka kila mshahara hufikia dola 6,240, zikatosha na kubakiza kidogo.

Ada inayowatisha wengi, dola 180, ni sawa na riba ya mwezi mmoja na nusu tu ya kadi ya zamani. Kwa hiyo asiyehamisha kwa kuiogopa ada, huku akiendelea kulipa riba ya dola 120 kila mwezi, anaogopa kisichostahili kuogopwa. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni zile dola 160. Je, zinapatikana? Usijibu kwa matumaini. Chukua mishahara yako mitatu iliyopita, toa kodi ya nyumba, chakula, mafuta ya gari, bima, simu, na zile fedha unazotuma nyumbani ambazo unajua hutaziacha, kisha uone kilichobaki. Usiziingize saa za ziada za kazini ambazo bado hujapewa.

"Na nisipoweza kumaliza kwa wakati?"

Hii ndiyo hofu inayorudi katika barua nyingi kuliko nyingine yoyote, na yafaa ijibiwe kwa hesabu. Tuseme uwezo wako ni dola 250 kwa mwezi na hauzidi hapo. Ukibaki na kadi ya zamani, utalipa kwa miezi 33, na jumla ya riba itakuwa kama dola 2,250. Ukihamisha, baada ya miezi 18 utakuwa umelipa dola 4,500, zimebaki 1,680. Hata zikianza hapo kutozwa asilimia 24, utazimaliza kwa muda wa miezi 7 na siku kidogo, kwa riba ya kama dola 140. Ukijumlisha na ada, gharama yote ni kama dola 320, badala ya zile 2,250. Kwa hiyo asiyeweza kumaliza ndani ya muhula bado amepata nafuu kubwa, maadam kila mwezi alilipa kwa kadiri ya uwezo wake wote na hakuongeza deni jipya.

Walakini, jawabu hilo ni la kadi za benki zinazohamisha deni, wala usilipeleke kwenye kadi za maduka ya fanicha na televisheni, au zile zinazotolewa katika zahanati za meno, ambazo tangazo lao husema hakuna riba *ikiwa utamaliza* ndani ya miezi 12. Katika hizo riba huwa inahesabiwa kimya kimya tangu siku ya ununuzi, na ukibakiza hata dola 20 siku ya mwisho, riba ya mwaka mzima humiminwa yote juu yako kwa mara moja. Neno "ikiwa" katika tangazo ndilo la kulitafuta. Ukilikuta, uliza kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.

Wasiofaa kuhamisha

- Aliye na deni dogo ambalo atalimaliza kwa miezi miwili au mitatu. Ada haitamrudishia kitu cha maana.
- Aliye karibu kuomba mkopo wa nyumba au wa gari katika miezi michache ijayo, maana kila ombi la kadi mpya huandikwa katika rekodi yake ya mikopo na kushusha kidogo alama zinazopima ukopaji wake. Huyu amwulize kwanza ofisa wa mkopo huo.
- Ambaye matumizi yake ya kila mwezi bado yanazidi mshahara wake. Kwa huyu kadi mpya ni mlango wa pili wa kukopea, na baada ya mwaka atakuwa na madeni mawili pahali pa moja.
- Aliyekwisha hamisha mara moja, akajaza tena kadi ya zamani, na sasa anataka kuhamisha tena. Sikatai kabisa, ila namwomba aanze na sehemu ya makala hii iitwayo "Ukikataliwa", inayotaja washauri wa madeni.

Hatua za kufuata

1. Ichukue rekodi yako ya mikopo. Ofisi zinazoitunza ni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na kila moja hukupa nakala bure kila wiki kupitia tovuti ya annualcreditreport.com. Hakikisha jina lako limeandikwa sawa. Sisi wenye majina matatu au manne, ambao jina la baba limeingizwa mahali pa ukoo katika hati moja na la babu katika hati nyingine, hukuta rekodi zimechanganyika na za mtu mwingine; kosa la namna hii lisahihishwe kabla ya kuomba chochote.

2. Jua alama zako. Hesabu ya FICO, inayotumiwa kuzipima, huanzia 300 na kuishia 850, na mihula mirefu ya bila riba aghalabu hupewa wenye 670 na kuendelea.

3. Uliza bila ya kuomba. Benki nyingi zina ukurasa ambao ukiandika jina, anwani na kipato chako, hukuambia kadi zipi yumkini utapewa, na kuuliza huko hakupunguzi alama. Anza huko kila mara.

4. Tafuta benki nyingine, siyo ile inayokuwia. Benki haipokei deni kutoka katika kadi yake yenyewe, hata kama kadi hizo mbili zina majina na rangi mbalimbali. Tazama jina la benki lililochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya kadi. Usizisahau jumuiya za kuweka na kukopa zilizosajiliwa na serikali ya shirikisho, ambazo baadhi yao huhamisha deni bila ya ada, na ambazo riba ya kadi zao tangu mwaka 1987 haiwezi kupita asilimia 18.

5. Lisome jedwali la masharti. Humo uandike katika daftari lako: ada ni asilimia ngapi, muhula ni miezi mingapi, na unahesabiwa tangu akaunti kufunguliwa au tangu deni kuhamishwa, una siku ngapi za kufanya uhamisho, maana kwa kadi nyingi nafasi hiyo hufungwa baada ya siku 60 au miezi minne, riba ya baadaye ni kiasi gani, na kama manunuzi mapya nayo yamo katika ule muhula wa bila riba, kwa kuwa mara nyingi hayamo.

6. Omba, kisha hamisha kwa kadiri ya ukomo utakaopewa. Ukomo haujulikani kabla ya kukubaliwa, na ada nayo hula humo humo: ukipewa ukomo wa dola 4,000 na ada ni asilimia 3, utakachoweza kuhamisha hakizidi dola 3,883, na ziko benki zinazoruhusu sehemu tu ya ukomo itumike kwa kazi hii. Ikiwa deni halitoshi kuingia lote, hamisha lile lenye riba kubwa zaidi, hata kama linalokuchukiza zaidi ni jingine.

7. Endelea kuilipa kadi ya zamani mpaka uone kwa macho yako kwamba salio lake limekuwa sifuri. Uhamisho huweza kuchukua siku chache, wiki mbili, au zaidi ya hapo, na malipo yanayofikia tarehe yake katikati ni dhima yako wewe.

8. Panga malipo. Weka malipo ya moja kwa moja ya kima cha chini ili usichelewe kamwe, kisha zile dola 160 uzipeleke mwenyewe siku ile ile mshahara unapoingia. Usiseme kwamba kwa kuwa unalipa mara mbili kwa mwezi hakuna haja ya yale malipo ya moja kwa moja, kwani fedha zilizofika kabla ya taarifa ya mwezi kutoka huenda zisihesabiwe kuwa kima cha chini cha taarifa hiyo, nawe ukaandikiwa umechelewa ilhali umelipa zaidi ya unachodaiwa.

Makosa yanayowaangusha wengi

*Riba inayobaki nyuma.* Kadi ya zamani ilikuwa ikihesabu riba kila siku mpaka siku deni lilipoondoka. Siku zilizopita baina ya taarifa ya mwisho na uhamisho zina riba yake, nayo huonekana katika taarifa inayofuata. Mdeni aliyekwisha amini kwamba kadi ile ni sifuri haifungui tena bahasha wala programu ya simu. Zile dola 14 na senti kadhaa zinakaa mwezi, zinaongezewa ada ya kuchelewa, zinakaa mwezi wa pili, na baada ya siku 30 za kuchelewa benki huweza kuipeleka habari kwa zile ofisi tatu za rekodi. Nimeliona jambo hili kwa watu wenye bidii na hesabu nzuri, na linasikitisha kwa sababu dawa yake ni kuifungua taarifa ya kadi ya zamani kwa miezi miwili baada ya kuhamisha, basi.

*Kununulia kadi mpya.* Kadi yenye deni lililohamishwa aghalabu hupoteza ile fursa ya kawaida ya kununua leo na kulipa baada ya wiki tatu bila ya riba. Kila ununuzi mpya huanza kutozwa siku hiyo hiyo, isipokuwa masharti yake yawe yameusamehe. Sheria inaagiza kwamba kile unacholipa juu ya kima cha chini kiende kwanza kwenye sehemu yenye riba kubwa, na ni sheria njema, lakini maana yake ni kwamba dola ulizokusudia kulipunguza deni kuu zitageuka kuyalipa manunuzi ya juzi, na hesabu yako ya miezi 18 itavurugika. Kadi hiyo ikifika kwa posta, iweke kabatini pamoja na hati zako za uhamiaji. Usiitie katika simu, wala usiiandikishe katika duka lolote la mtandaoni.

*Kutumia kadi kutuma fedha nyumbani.* Kosa hili ni letu sisi hasa. Mtu hukaa na simu usiku, mama amepiga kusema dawa zimekwisha, mshahara uko mbali kwa siku nne, na programu ya kutuma fedha inakubali kadi ya mkopo. Akibonyeza, benki nyingi huliandika jambo hilo kama ameitoa pesa taslimu katika mashine: kuna ada ya papo hapo, na kuna riba ya juu zaidi kuliko ya manunuzi, inayoanza kuhesabiwa bila ya kungoja tarehe yoyote, fauka ya ada ya yule anayetuma. Tumia kadi ya akaunti yako ya kawaida au akaunti yenyewe. Kama haina kitu, subiri mshahara, au mkope rafiki kwa siku nne.

*Kadi ya zamani iliyo tupu.* Sifuri inayoonekana katika simu ina ushawishi mkubwa kwa mtu aliyechoka. Je, uifunge? Kuifunga hupunguza jumla ya ukomo wako, na alama zako huweza kushuka. Kuiacha wazi ni bora kwa mwenye kujizuia. Ushauri wangu kwa wengi ni kuiacha wazi na kuifuta katika simu na katika kila mahali ilipoandikishwa. Lakini kwa yule anayejijua, aliyekwisha jaribu akashindwa, na aifunge, maana alama hupanda tena, na deni jipya la dola 6,000 ni hasara kubwa kuliko pointi chache.

Kuwaambia ndugu

Katika hesabu zote nilizozitaja hakuna inayovunjika kwa urahisi kama ile inayosahau nyumbani. Mdeni hupanga miezi yake 18 kana kwamba hakuna atakayeugua, kuoa, kufungua duka, au kufariki dunia baina ya leo na hapo. Na mambo hayo yote yatatokea. Kwa hiyo, weka fungu la nyumbani katika hesabu yako tangu mwanzo, liwe na kiasi kinachojulikana, na kando yake uweke akiba ndogo ya dharura, japo dola 20 kutoka kila mshahara, ili msiba ukitokea utoke humo badala ya kutoka katika kadi.

Kisha sema. Ndugu walioko Mombasa au Dar es Salaam wanaona picha za theluji na gari. Taarifa ya kadi hawaioni. Huna haja ya kuwatajia jumla ya deni. Mchague mmoja mwenye busara na mwenye kusikilizwa, shangazi au kaka mkubwa, umwambie kwa heshima kwamba mpaka mwezi fulani wa mwaka fulani utakuwa unatuma kiasi fulani, hakitapungua wala hakitazidi, na kwamba baada ya hapo utakuwa na nguvu zaidi ya kusaidia. Mwenye kupewa tarehe huvumilia kuliko mwenye kupewa udhuru kila mwezi. Na wewe, ukishatoa ahadi hiyo, itimize kwa siku yake.

Kwa Mwislamu anayeogopa riba

Wapo wanaoandika kwamba hawataki kufungua kadi nyingine kwa kuwa mkataba wake, hata ukiwa na muhula wa sifuri, una sharti la riba mwishoni. Mimi si mwanachuoni wa fikihi, na hukumu ya mkataba huo mwulize shekhe unayeiamini elimu yake, ukimpelekea jedwali la masharti ulitafsiri mbele yake sharti kwa sharti, ikiwamo ile ada ya uhamisho, badala ya kumpa maelezo ya jumla. Ninaloweza kusema ni kwamba riba ya kadi ya zamani nayo inaendelea kila siku unapongoja jawabu, basi usichelewe kuuliza. Aliye na ndugu au rafiki mwenye nafasi aombe karadha njema, iandikwe na kushuhudiwa. Na wengi wetu tumo katika upatu: ukiweza kukubaliana na wenzako upate zamu ya mapema, fungu hilo likaenda moja kwa moja kwenye kadi siku utakayolipokea, umejihamishia deni bila ya benki yoyote, kwa sharti kwamba michango yako iliyosalia usikose hata mmoja.

Ukikataliwa

Benki ikikukataa, sheria inaitaka ikupe sababu zake kwa maandishi, au ikujulishe kwamba una haki ya kuzidai. Isome barua hiyo, usiitupe kwa hasira, kwani ndani yake kuna jambo la kurekebisha. Usiombe kadi nyingine tatu wiki hiyo hiyo. Badala yake:

- Ipigie simu benki inayokuwia sasa, uulize kama ina mpango wa nafuu kwa mtu aliyepungukiwa na kipato. Hawautangazi, lakini benki nyingi wanao.
- Nenda kwa washauri wa madeni wasiotafuta faida, hasa walio chini ya National Foundation for Credit Counseling, jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1951. Wao huzungumza na benki zako zipunguze riba, kisha wewe hulipa fungu moja kwao kila mwezi, aghalabu kwa miaka mitatu hadi mitano. Kikao cha kwanza mara nyingi ni bure, nawe unaweza kuomba mkalimani.
- Jihadhari na mtu akupigiaye simu akidai ataifuta nusu ya deni lako ukimtangulizia ada. Tume ya Biashara ya Shirikisho tangu mwaka 2010 imezikataza kampuni zinazouza huduma hiyo kwa simu kuchukua malipo kabla hazijasuluhisha deni hata moja. Anayetaka kulipwa mbele, mkatie simu, hata akiwa anazungumza Kiswahili safi na anajua mtaa uliokulia.

Miezi mitatu ya mwisho

Muhula ukibakiza miezi mitatu, ipigie benki uulize tarehe halisi unapokwisha, kwa siku na mwezi, maana wengine huhesabu kutoka siku ya kufungua akaunti na wewe ukahesabu kutoka siku deni lilipofika. Linganisha salio na uwezo wako. Ikiwa litabaki dogo, elekeza humo fedha zozote za ziada, na zile dola za marejesho ya kodi ambazo wengi wetu hupokea baina ya Februari na Aprili ndizo za kwanza. Ikiwa litabaki kubwa, anza sasa kuuliza juu ya mkopo wa kawaida wenye riba nafuu katika jumuiya ya kuweka na kukopa, kabla riba mpya haijaanza kuhesabiwa. Na ukimaliza, subiri taarifa mbili zinazofuata zionyeshe sifuri, uzihifadhi nakala zake pamoja na barua ya kwanza ya benki, kisha uyaondoe yale malipo ya moja kwa moja, na zile dola 160 za kila mshahara uziagizie akaunti ya akiba siku hiyo hiyo, kabla mkono haujazoea kuwa nazo.